Pua ya Dama na Bia Chungu ya Tarasaa

Siku ile nilipokuja kuzungumza na darasa lenu la upishi hapo Garsen, msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliniuliza, "Mzee Katana, ni nani alikufundisha kunusa bia?" Nikanywa maji. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati. Kisha nikamwambia mwalimu wenu kwamba muda umekwisha, ingawa kila mtu mle ndani aliona haujakwisha. Mtanisamehe, wanangu. Aliyenifundisha ni mke wangu Dama, na wakati ule alikuwa hata hajatimiza mwaka kaburini. Kwa mdomo nisingefika mbali. Kwa kalamu naweza kusimama, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Najua wengi wenu ni Waislamu, na wengine ni walokole, na bia si jambo lenu. Hakuna anayewaambia muinywe. Someni kama habari ya kazi, vile mtu anavyosoma habari za upasuaji bila kushika kisu. Dama mwenyewe hakunywa bia. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mama wa kanisa hasa, na bado hakuna mtu aliyeijua bia yangu kama yeye.

Kazi hii niliianzia Mombasa nikiwa kijana, katika kiwanda kidogo ambacho leo hakipo. Nilianza kwa kuosha mapipa. Fundi wetu alikuwa Mzee Wafula, Mluhya mrefu aliyesema polepole, na kila nikimaliza kuosha pipa alikuwa anatoa kitambaa cheupe mfukoni, anaingiza mkono mpaka begani, anafuta ndani, anakitazama. Kikitoka na doa, alinirudishia pipa. Nilimchukia sana. Siku moja nikamuuliza lini atanifundisha kupika bia. Akaniambia, "Bia inapikwa na hamira. Wewe kazi yako ni kuihamishia hamira nyumba safi." Nilidhani ananidharau. Mpaka leo sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Kwa wasiojua, niwaeleze kwa ufupi. Unachukua shayiri iliyooteshwa kidogo ikakaushwa, ndiyo tunaiita kimea. Unaisaga chengachenga, isiwe unga. Unailoweka katika maji ya moto ambayo hayajafika kuchemka, mpaka utamu wote utoke. Unachuja. Hayo maji matamu unayachemsha pamoja na maua makavu yaitwayo hopsi, ambayo ndiyo yanayoleta uchungu. Unayapoza upesi, unatia hamira, unaacha yachache. Baadaye unaiacha itulie ikomae. Ni hivyo tu. Na katika hivyo tu ndimo nilimozeekea.

Bia niliyoshughulika nayo Waingereza huiita bita, yaani chungu. Rangi yake ni kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa ukiitazama kwenye gilasi dhidi ya jua. Haina gesi nyingi, wala hainywewi ya barafu. Mwanzo unapata mkate uliookwa ukaungua kidogo pembeni, halafu uchungu unakuja taratibu na kukaa nyuma ya ulimi. Ugumu wake ni kwamba haina pa kujificha. Bia ya baridi kali hufunika makosa yake kwa baridi. Hii hunywewa vuguvugu, na kila kosa ulilofanya linatoka mlangoni kukusalimia.

Kiwanda cha Mombasa kilipofungwa nikarudi nyumbani Tarasaa. Nilikuwa nimeamua kulima tu. Kisha Bi. Salome, Mtaita mwenye kambi ya wageni huko chini mtoni, akasikia nimewahi kuwa fundi wa bia. Alikuwa na leseni, alikuwa na chumba kitupu nyuma ya jiko, na alikuwa na wageni wazee wa Kiingereza kutoka Kilifi na Malindi waliokuja kutazama ndege na kulalamika. Walilalamikia mbu, wakalalamikia barabara, lakini zaidi walilalamikia kwamba hawapati bita. Bi. Salome akaniambia, "Mzee Katana, ukiwanyamazisha hawa watu, hicho chumba ni chako."

Hiyo ndiyo sababu Mgiriama wa Tarasaa akajikuta anapika bia ya Kiingereza. Majirani walicheka. "Pombe ya mnazi imejaa kila mahali, wewe unahangaika na maua ya Ulaya!" Nami nilicheka nao. Chumba cha kambini nilikiweka kwa ajili ya mapishi makubwa, lakini majaribio nilikuwa nafanya nyumbani, katika sufuria kubwa ya Dama, ile ya kupikia wali wa matanga.

Sasa niwaambie habari za Dama. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua kambare na kamongo kwa wavuvi wa maziwa ya huku delta, akawakaanga na kuwauza kando ya barabara pale senta. Wachuuzi wenzake walikuwa wakifunua mashavu ya samaki, wakimbonyeza tumboni, wakimtazama jicho. Dama hakufanya hayo. Alimwinua samaki mara moja mpaka karibu na uso, akamweka kulia au kushoto. Kulia ni wa kununua. Wavuvi walijaribu kumchanganyia, wakachoka. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Alijua maziwa yataganda kabla hayajaganda. Alijua mtoto ana homa kwa kumnusa utosini.

Jaribio langu la kwanza lilipokuwa linachacha, Dama alirudi kutoka senta na beseni kichwani. Akasimama mlangoni, hakuingia, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Baba Mbodze, nani amevundika ndizi humu ndani?"

"Hakuna ndizi humu."

"Zipo. Na zimeiva kupita kiasi."

Akaweka beseni chini, akafuata pua yake mpaka kwenye pipa langu. Akafunua kitambaa. "Hizi hapa."

Mimi nilikuwa nimelizunguka pipa lile tangu asubuhi na sikunusa ndizi yoyote. Aliposema ndipo nikazinusa. Mzee Wafula aliwahi kunieleza: hamira ikifanya kazi kwenye joto kali, inatoa harufu ya ndizi. Na joto la huku kwetu mnalijua. Basi nikaliweka pipa ndani ya beseni kubwa la maji, nikalivisha gunia la katani lililoloweshwa, na kila asubuhi nikawa naweka ndani ya beseni chupa za maji yaliyoganda. Barafu nilinunua kwa Abdi, Msomali mwenye duka la jumla hapo Garsen, ambaye friza yake ilikuwa ya kugandishia maziwa ya ngamia. Mwanzo hakuuliza. Baadaye akasikia.

"Mzee Katana, hii barafu yangu inaenda kwenye pombe?"

"Inaenda kwenye beseni, Abdi. Inakaa nje ya pipa."

Akafikiri. "Nje kabisa?"

"Nje kabisa."

"Basi chukua. Lakini usiniambie zaidi ya hapo."

Miaka ikaenda hivyo. Mimi napika, Dama ananusa. Siku moja akasema inanuka kabichi iliyochemshwa. Kumbe nilikuwa nachemsha na kifuniko juu ili kuokoa kuni, na ule mvuke wenye harufu ulikuwa unarudi ndani. Mkichemsha maji ya kimea, acheni sufuria wazi, hata kuni zikiisha. Baada ya mafuriko fulani akasema inanuka bendeji ya hospitali. Tukatafuta, tukakuta ni dawa iliyotiwa kisimani kuua vijidudu. Dawa ile ni nzuri kwa tumbo lakini inagombana na bia. Tukawa tunayachemsha maji na kuyaacha yakae wazi siku nzima kabla ya kupikia. Na hayo maji ya kisima yana chumvichumvi, mnayajua. Nilitaka kuyaacha kabisa, nikapikia maji ya mvua peke yake, na bia ikatoka laini, imelegea, haina mgongo. Dama akaonja yale maji mawili, si bia, maji, akasema, "Haya makali, haya yamelala. Yaoze." Nikayaoza, nikayachanganya pamoja. Uchungu wa hopsi ukasimama wima. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata huko Uingereza miji iliyosifika kwa bita ilikuwa na visima vya maji magumu. Dama alilijua hilo kwa ulimi, akiwa amesimama kwenye baraza ya nyumba yetu.

Msidhani ilikuwa busara tupu. Kuna wakati nilijaza chupa kabla bia haijamaliza kuchacha, nikazificha chini ya kitanda. Mchungaji akaja kutuombea nyumba. Alipofika kwenye maneno ya kumfukuza shetani, chupa moja ikapasuka chumbani, ikafuatwa na ya pili. Mchungaji alikuwa chini ya meza kabla mimi sijageuka. Dama, macho bado ameyafumba, akasema kwa sauti, "Amina, na atoke kabisa." Jioni hakunisemesha. Lakini nilimsikia jikoni anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Makosa yakaisha moja moja, likabaki moja tu. Kila nikimpelekea gilasi alinusa, akanirudishia. "Siagi." Siagi iliyokaa juani. Nilibadilisha kimea, nikabadilisha hamira, nikaosha vyombo mpaka vidole vikachubuka. "Siagi, Baba Mbodze." Ilikuwa kidogo, wageni wengi hawakuitambua, na Bi. Salome aliniambia niache kujitesa. Lakini mtu akishajua kuna siagi, hawezi tena kutoijua.

Ndipo ikafika siku Dama akainamia gilasi, akakaa hapo kitambo, akainua kichwa.

"Leo hakuna kitu."

"Hakuna siagi?"

"Hakuna siagi. Hakuna ndizi. Hakuna kitu."

Nilimshika mikono nikamzungusha jikoni kama tuko harusini, na kanga yake ikaanguka. Nikapakia pipa lile kwenye tuktuk mimi mwenyewe, nikaenda nalo kambini. Wageni walikuwa wamekaa uwanjani wakisubiri. Bibi mmoja Mwingereza, mkaazi wa Kilifi, mpenzi mkubwa wa bia yangu, akapiga funda moja. Akaweka gilasi mezani. Akaisukuma kidogo, kama mtu anayemsogeza paka.

Bi. Salome akaniita pembeni. "Mzee Katana, umeinusa hii?"

"Mke wangu ameinusa. Haina kitu."

"Inanuka siki."

Nikamwambia gilasi ndizo chafu. Akaosha nyingine mbele yangu, akaimimina, akanipa. Nikaileta puani. Hata mimi, na pua yangu hii, niliipata ile siki. Tulilimwaga pipa lote nyuma ya jiko. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa, nikijiuliza bia inawezaje kuharibika njiani, kipande kifupi hivyo.

Nilipokaribia nyumba nikasikia harufu ya wali unaungua. Ilikuwa mchana mweupe. Nikadhani ni kwa jirani. Nikaingia uani nikamkuta Dama amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, mgongo ameupa jiko, anaimba wimbo wa kwaya. Nyuma yake sufuria inatoa moshi.

"Dama, wali unaungua."

"Wali gani?"

Akageuka. Akauona moshi. Aliondoa sufuria, akafunua, akaingiza uso wake mzima ndani, mpaka nikaogopa ataungua. Kisha akaweka kifuniko chini polepole. Akaenda jikoni, akachukua kitunguu saumu, akakiponda kwa kiganja, akakileta puani. Akachukua chupa ya mafuta ya taa, akaifungua, akainusa. Akanitazama.

"Baba Mbodze, sinusi."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Kisha akakaa, akaniambia kwamba wiki hiyo wateja wawili walimrudishia samaki, na yeye akagombana nao mbele za watu, akawaita waongo. Akaniambia na kichwa kilikuwa kinamuuma asubuhi, tangu zamani kidogo. Hakunieleza kwa sababu, akasema, kichwa cha nani hakiumi.

Habari za hospitali sitazirefusha. Mbodze, binti yetu, ni mwalimu Malindi. Yeye ndiye aliyetuchukua, kwanza Malindi, kisha Mombasa. Daktari alituonyesha picha. Kulikuwa na uvimbe nyuma ya paji la uso, umekaa pale inapopita mishipa ya kunusia, na alisema huenda ulikuwa ukikua taratibu kwa miaka. Ulikuwa mkubwa, na sehemu yake ilikuwa imekumbatia mishipa ya macho.

"Pua itarudi?" Dama akauliza.

"Mama, kwanza tuangalie uhai."

"Daktari, mimi nimekuuliza pua."

Yule daktari, kijana mwenye adabu, akavuta kiti akakaa mbele yake. "Hapana, mama. Haitarudi."

Dama akashukuru. Nadhani yule daktari alikuwa mtu wa kwanza siku ile kumjibu moja kwa moja. Walimfanyia upasuaji, wakatoa walichoweza kutoa, na kilichobaki wakatueleza wazi kwamba kitaendelea. Tukarudi Tarasaa. Kitambaa cha kichwani alikifunga vizuri kufunika mshono, na waliokuja kumpa pole walisema amependeza.

Nilimwambia Bi. Salome nimeacha bia. Nilipofika nyumbani nikamwambia na Dama. Nilidhani atafurahi kwamba nitakuwa naye.

"Umeacha kwa ruhusa ya nani?"

"Nitapika na nani, Dama? Mimi sina pua."

"Hiyo iliyo usoni kwako ni ya nini? Ya kuwekea miwani?"

Basi ndivyo masomo yalivyoanza. Yeye amekaa kwenye mkeka barazani, mimi naleta gilasi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Inanuka kama nini?"

"Kama bia."

"Hilo si jibu. Ukiingia nayo dukani kwa Abdi, ungeiweka upande gani? Wa nafaka, wa sabuni, wa viungo, au wa mafuta?"

Nikanusa. "Wa nafaka."

"Nafaka gani? Mchele au mtama?"

"Sijui."

"Nenda ukajue."

Nikapanda bodaboda mpaka Garsen. Nikaingia dukani kwa Abdi, nikainamia gunia la mchele, nikanusa. Nikaenda la mtama, nikanusa. Abdi akanitazama kutoka nyuma ya kaunta.

"Mzee, unanunua au unanusa?"

"Nanusa."

"Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata ule uvimbe. Abdi akazunguka kaunta, akafunga mlango nusu ili wateja wasiingie, akaanza kunifungulia makopo. Iliki. Mdalasini. Bizari. Maharagwe ya zamani na maharagwe mapya, nione tofauti. Sabuni ya mche na sabuni ya unga. Alinishikia kila moja puani kama anayemnywesha mgonjwa dawa, na kila nikisema jina lake aliitikia kwa kichwa akaenda nyingine. Mwisho akafungua debe la samli ya ng'ombe kutoka kwa wafugaji wa Kiorma. Nikarudi nyuma hatua.

"Hii!" nikasema. "Hii ndiyo siagi ya Dama!"

"Samli," akasema Abdi. "Mwambie mama nampa pole. Na wewe urudi wakati wowote, kunusa hakulipiwi."

Nilirudi mara nyingi. Wanangu, hilo ndilo somo la kazi ambalo sikuweza kulitamka darasani kwenu. Pua haifundishwi kwa maneno kama "nzuri" na "mbaya". Ifundisheni kwa vitu. Kila harufu itafutieni rafu yake, gunia lake, debe lake, mpaka mtakapoweza kutembea dukani mmefumba macho.

Nilipoanza kumletea Dama majibu yenye maana, yeye akaanza kufikiri. Hakunusa tena, lakini alikuwa na kumbukumbu ya kila gilasi niliyowahi kumpa. Asubuhi moja nilimwambia samli bado ipo, upande wa mafuta, chini kabisa. Kisha akasema, "Ule mwaka ulipoenda kuzika ndugu yako Kaloleni ukachelewa kurudi, samli ilipungua. Unakumbuka?"

Sikukumbuka.

"Mimi nakumbuka. Pipa lilibaki peke yake. Hukuihamisha bia. Na barafu iliyeyuka, hapakuwa na mtu wa kuibadilisha."

"Ilipata joto."

"Mwishoni, ndiyo. Mwanzoni ulikuwa umeipoza vizuri. Wewe una haraka, Baba Mbodze. Unaitoa kwenye tope la hamira kabla hamira haijasafisha ilipochafua."

Nikasimama pale na gilasi mkononi. Alikuwa sahihi. Hamira ndiyo inayotoa ile samli, na hamira hiyo hiyo, ukiiachia muda na joto kidogo mwishoni, inairudia na kuila. Barafu ni ya mwanzo. Ikikaribia kumaliza, ondoeni chupa za barafu, acheni gunia likauke, na msiliguse pipa mpaka muone mmechoka kungoja. Kisha mngoje tena. Mzee Wafula huenda alinieleza hili, nami nikalisikia kwa sikio la kijana.

Nilipika kwa njia hiyo. Wakati pipa linangoja, Dama alikuwa anadhoofika. Macho yalikuwa yameanza kumpotea. Alinijua kwa hatua zangu. Wakati mwingine aliniita kwa jina la kaka yake. Mbodze aliomba ruhusa shuleni akaja kukaa nasi. Mimi nilikuwa nagawa siku yangu baina ya kumgeuza kitandani na kulitazama pipa bila kuligusa, na sikujua ni lipi lililokuwa gumu zaidi.

Nilipolifungua, nilimimina gilasi nikasimama uani peke yangu. Nikafumba macho, nikaingia dukani kwa Abdi. Nikapita kila rafu. Nilipofika upande wa mafuta nikaitafuta samli, nikaikosa. Kisha nikaenda kambini, na yule bibi wa Kilifi akanywa gilasi yake yote, akamnyooshea mhudumu ili amwongeze. Nilirudi nyumbani mbio.

Dama alikuwa macho, Mbodze anamsuka nywele zilizobaki.

"Imekuwaje?"

"Imekuwa, Dama."

"Lete nionje."

Mbodze akanitazama. Nikasema, "Wewe hunywi bia."

"Mungu ananijua. Lete."

Nikamtilia kwenye kijiko. Akaiweka ulimini, akaizungusha, akameza. Uso wake ukakunjamana kama wa mtoto aliyepewa dawa.

"Chungu tu," akasema. "Hakuna kingine. Miaka yote hii, Baba Mbodze, chungu tu?"

Nilikuwa nimesahau. Mtu asiyenusa haonji chochote ila utamu, chumvi, ukali na uchungu. Yote tuliyoyatafuta pamoja yalikuwa yanapita puani.

"Kuna vingine," nikamwambia.

"Niambie."

Nikakaa kitandani kwake nikaanza kumwambia. Nikamwambia kuna mkate, ule wa duka la mkate la Malindi, unapotolewa kwenye tanuri na pembe zake zimekuwa nyeusi kidogo. Kuna asali, lakini iko mbali. Kuna majani makavu, kama chai ikifunguliwa pakiti. Kuna ganda la chungwa. Yeye alikuwa akiuliza: chungwa bichi au lililoiva? Majani ya wapi? Nikikosea alijua, akanirudisha. Mbodze aliacha kusuka akasikiliza, na machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini Dama hakuyaona, wala hakuna aliyemwambia. Tuliendelea mpaka akachoka, akalala na kijiko mkononi.

Alifariki mvua zilipoanza. Abdi alikuja mazikoni na magunia ya mchele juu ya pickup yake, akasimama nyuma kwa heshima mpaka wimbo wa mwisho ukaimbwa, na vijana wake wakasaidia kuchimba kwa sababu kaburi lilikuwa likijaa maji.

Baada ya matanga Bi. Salome hakunisukuma. Nilijirudisha mwenyewe. Nilisafisha chumba kile nyuma ya jiko, nikafuta mapipa kwa kitambaa cheupe, nikapika kama tulivyopika mara ya mwisho, maji yale yale mawili, barafu mwanzoni na kungoja mwishoni. Ilipokuwa tayari nikajaza gilasi, nikanusa, nikaonja. Nilitafuta kosa sikuliona. Nikasema kwa sauti, "Iko sawa," na chumba kikanyamaza. Hapakuwa na mtu wa kunibishia.

Nikakaa pale juu ya kreti mpaka ile bia ikaisha povu. Kisha nikaosha gilasi, nikafunga chumba, nikampelekea Bi. Salome ufunguo ofisini.

"Imeharibika?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Imetoka nzuri kabisa."

Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, akafungua droo, akauweka ndani.